Feni ya Chumba Asichoingia Mzee Muindi

Kama hujawahi kumsikia Mzee Muindi akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, basi hujajenga nyumba upande wetu huu wa Emali. Alikuwa akiona rundo la mbao kwenye kiwanja cha mtu, hawezi kupita. Anainama, anagonga, anatega sikio, anasonya. "Hii ulipewa ama ulinunua?" anamuuliza mwenye nyumba, na kabla mtu hajajibu, mzee ameshaigeuza mbao kumwonyesha ufa. Watu walimkwepa kwa tabia hiyo. Watu hao hao walimtafuta siku ya kuezeka, kwa sababu paa alilopigilia yeye halikung'olewa na upepo.

Mimi ni jirani yake, Wavinya. Nashona sare za shule karibu na stesheni ya reli, na mdomo wangu unajulikana. Nimeamua kueleza habari yake kwa sababu kanisani wanaieleza vibaya. Wanasema ni mzee mkaidi aliyeharibu zawadi ya watu wa Mungu. Mkaidi ni kweli. Hayo mengine nitayanyoosha hapa.

Ufundi wake alimwachia mwanawe mmoja tu, Mulwa. Wengine waliteremka Mombasa wakatafuta maisha yao. Mulwa alibaki, akawa anatukanwa na baba yake juu ya mapaa ya watu kutwa nzima, na jioni wanashuka pamoja wakicheka, vumbi limewafanya wote wawili wazee. Akaoa Nthiwa, msichana wa Mbumbuni, mpole ajabu, mtu wa kuomba msamaha hata akikanyagwa yeye. Wakajenga ng'ambo ya ua la mzee. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na mzee alijipikia mwenyewe muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hataki kusaidiwa hata kuchochea moto.

Mwaka juzi Mulwa alianguka kutoka paa la ghala kule Malili. Shingo ikavunjika. Alilazwa Nairobi muda mrefu, kisha akarudishwa kwa gari la wagonjwa akiwa amefungwa blanketi hadi kidevuni, na uso wenyewe umezamishwa kwenye ile kola ngumu ya shingo. Mzee Muindi alisimama kando ya ua akilitazama blanketi likipitishwa mlangoni. Kisha alienda kwake, akautundika mfuko wa vifaa vyake ukutani, na kusema hatapanda paa la mtu tena maishani.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana wageni hawalielewi. Sisi Wakamba tuna heshima tunayoiita nthoni. Kuna watu hawatazamani ovyo, na kuna milango ambayo mtu mzima hapiti. Baba haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Vijana wa siku hizi wanaipuuza, na mchungaji wetu mwenyewe alimwambia mzee kwamba mgonjwa hana nthoni. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akaenda nyumbani. Mkono hakuwahi kumpa Nthiwa tangu aolewe, wala Nthiwa hakuwahi kumwita kwa jina. Wakiwa na neno la kuambizana, lilipitia kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo kila jioni mzee alikuja, akaketi sebuleni kwenye kigoda, mgongo umeelekea pazia la chumba.

"Mulwa."

"Nau." Ndivyo tunavyomwita baba.

"Umeshindaje?"

"Nimeshinda poa, nau."

Uongo mtupu. Hakuwa ameshinda poa hata siku moja. Lakini mzee aliitikia kwa kichwa, akaeleza nani anajenga wapi na mbao gani mbaya amenunua, na Mulwa akacheka kule nyuma ya pazia. Zaidi ya mwaka mzima baba na mwana walizungumza hivyo na hawakuwa wameonana uso kwa uso. Mulwa hakuweza kutoka. Walipojaribu kumbeba nje mara moja alizimia mlangoni, macho yakageuka meupe, na Nthiwa akaapa kutorudia. Sebuleni pia hapakukalika, maana hapakuwa na silingi, mabati yalikuwa wazi, na saa nane mchana humo ubongo unaiva.

Na kilichokuwa kikimmaliza Mulwa hakikuwa shingo. Kilikuwa joto. Daktari alimweleza Nthiwa kwamba kuanzia mabegani kwenda chini, mwili ule umesahau kutoa jasho. Wewe na mimi joto likitupata tunalowa, tunapoa. Kwa Mulwa joto likiingia linakaa. Anachemka kama mwenye malaria na hana malaria, anaanza kusema maneno ya ajabu, na asipopozwa mapema anaenda. Kwa hiyo Nthiwa alilowesha leso, akamfunika, akapepea kwa kipande cha katoni, akalowesha tena. Maji yenyewe ni ya mkokoteni wa punda. Walikuwa na feni ndogo ya kusimama, lakini stima ilikatika siku moja, ikarudi kwa nguvu, ikaiunguza. Kufikia Januari mkono wa kulia wa Nthiwa ulikuwa umevimba kwa kupepea, na Februari, ambao ndio mwezi mbaya, ulikuwa haujafika.

Sisi akina mama wa kanisa tukakaa, tukasema tumnunulie feni ya juu, ile ya mapanga matatu, imfikie mwili wote na isiangushwe na kuku. Ben akajitolea kuifunga. Ben ni fundi wa stima, baba wa watoto, muungwana kabisa, na waya anazijua. Akaifunga Jumamosi. Jumapili baada ya ibada tukajaa chumbani, wengine dirishani, mchungaji akainua mkono kuelekea feni na kuiombea. Ikawashwa. Leso juu ya kifua cha Mulwa ikaanza kucheza. Akafumba macho, na Nthiwa akalia kwa sauti mbele ya watu, yeye ambaye hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Mimi si mtu wa machozi lakini siku hiyo nilipangusa.

Tulipoondoka, Mulwa alimwambia mkewe, "Zima."

Nthiwa alifikiri baridi imemzidi. Akaleta blanketi.

"Nimesema zima hiyo kitu, Nthiwa. Halafu unipanguse mdomo."

Juu ya mdomo wake kulikuwa na unga mwembamba wa rangi ya udongo. Alikuwa ameshauonja, maana hakuwa na mkono wa kujipangusia. Ulikuwa unga wa mchwa, na ulikuwa ukitoka pale feni iliposhikiliwa.

Silingi ile aliijenga Mulwa mwenyewe, kwa hiyo alijua kilichoko juu yake kuliko mtu yeyote. Boriti, zile mbao nene zinazobeba paa, hazikupita katikati ya chumba. Katikati palikuwa na branda tu, vile vijimbao vya mbili kwa mbili ambavyo kazi yake ni kushikilia ubao wa silingi, si kitu kingine. Alivipigilia kwa misumari mifupi iliyobaki kwenye kazi za watu, akavipaka oili chafu ya gari kama sisi sote tunavyopaka, ili mchwa wasile. Huku kwetu mbao ikishapakwa oili chafu, watu huamini imekuwa chuma. Ben alimulika na simu kwenye tundu la waya, akaona mbao nyeusi, akakaza skrubu zake akiwa na moyo safi. Hakujua kwamba mchwa wameingia kwa ndani na kuacha ganda.

Feni si taa. Taa inaning'inia tu. Feni ina uzito na inatikisika kila inapozunguka, na kila mtikiso unalegeza kidogo. Chini yake palikuwa na mtu asiyeweza hata kugeuza kichwa. Kitanda ukikisukuma huku ama kule, chumba ni kidogo, bado kiko chini ya mapanga.

Kwa nini hawakusema? Niulize mimi niliyekuwa nikitembelea. Zawadi imeshaombewa, picha zimepigwa, na huyu Nthiwa ninayemjua angekufa kuliko kusema imefungwa vibaya. Hata Ben alipomuuliza barabarani inaendeleaje, alijibu, "Iko sawa tu, Mungu akubariki." Wiki hiyo akina mama walipita mmoja mmoja kuona feni yetu. Kila mgeni akiingia, Nthiwa aliiwasha. Kisha aliinama juu ya kichwa cha mume wake kama anayemrekebishia mto, akabaki hivyo mpaka mgeni aage. Nilipoingia mimi nikamwona ameinama, nikangoja ainuke, hakuinuka. Nikashangaa, mto gani huu usiokwisha kurekebishwa? Ndipo nikagundua amemkinga kwa mgongo wake.

"Mama, wewe unafanya nini?" nikamuuliza.

Aliizima, akaketi sakafuni, akanieleza yote. Machozi yalikuwa yakimtiririka Mulwa kuingia masikioni. "Ikianguka, Wavinya, ianguke nikiwa peke yangu," Mulwa akasema. "Huyu ako na watoto wa kulea." Watoto wao wawili wako shule ya bweni.

Alhamisi joto likaja kweli. Maji yalikuwa yameisha, punda hakutokea. Mulwa akaanza kuita watu walio juu ya paa, akiwaambia wamrushie misumari. Ngozi yake, nilielezwa baadaye, ilikuwa kavu na ya moto kama mgongo wa pasi. Nthiwa akapepea mpaka mkono ukakataa. Akatazama feni. Akatazama mume wake. Afadhali nini hapo? Akaiwasha.

Ikazunguka kidogo tu kisha ikaanza kwenda upande. Kikombe chake cha juu, kile kinachofunika skrubu, kikaachana na ubao, skrubu moja ikadondoka kitandani. Nthiwa akaruka kwenye swichi. Alinijia kiwandani, pale cherehani zangu zilipo, bila viatu, akanishika mkono wa gauni, akanivuta.

Nilibeba mitungi yangu ya maji, tukammwagia Mulwa na godoro lote mpaka akarudiwa na akili. Kisha nilienda moja kwa moja kwa Mzee Muindi. Alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe.

"Mwanao anakufa," nikamwambia. "Feni imefungwa kwa branda, na branda imeliwa. Wewe ndiye unajua kufunga kitu kwa mbao isianguke. Twende."

Hakuinua kichwa. "Ita fundi mwingine."

"Fundi gani? Wale unaowatukana kila siku?"

"Siingii chumba cha mtoto wangu. Na paa nilisema sipandi."

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Sawa mzee. Kaa hapa na nthoni yako na maharagwe yako. Sisi tutakuja kukuita siku ya mazishi, na hapo utamwona vizuri sana, atakuwa kwa sanduku na hakuna pazia." Nilisema hivyo mbele ya mtu anayeweza kunizaa, na mpaka leo sijaona neno lingine ambalo ningetumia.

Mkono wake ulisimama kwenye ungo. Kisha akauliza, "Mabati ya upande wa nyuma, alipiga misumari ama skrubu?"

"Mimi nashona nguo, mzee. Nitajuaje?"

"Misumari," akajijibu. "Yeye ni wa misumari." Akaingia ndani, nikasikia mfuko wa vifaa ukitolewa ukutani.

Sasa mbao. Mzee hakutaka ya dukani. Chini ya kitanda chake alikuwa na mbao za mukau, mti wetu ambao mchwa hawaugusi, alizozipasua zamani na kuziweka zikauke polepole. Kila mtu jirani alijua ni za nini. Zilikuwa za jeneza lake. Alivuta ile ndefu kuliko zote, akaigonga, akatega sikio. Safari hii hakusonya. Akaikata.

"Mzee, na wewe je?" nikamuuliza. "Itakuwa fupi."

"Mtanikunja magoti," akasema. "Nitakuwa na mdomo wa kukataa?"

Asubuhi iliyofuata, jua halijakaza, ngazi ilisimamishwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimempitia Ben na kumweleza ukweli. Alikaa kwenye pikipiki yake akiwa ameshika kichwa, kisha akaja bila kubishana. Alizima swichi kubwa, akaishusha feni, akafunga ncha za waya kwa tepu. Tukasukuma kitanda cha Mulwa hadi ukutani. Nthiwa ndiye aliyeshikilia ngazi, na kwa kuwa ni baba mkwe anayepanda, aliinamisha uso ukagusa ukuta. Alishikilia bila kuona anamshikilia nani.

Mzee alipanda. Nimewahi kumwona akitembea juu ya paa kama mtu aliye sebuleni kwake, lakini siku hiyo kila kidato alisimama akapumua. Nilikuwa nimemsukuma mimi kwa maneno yangu, na sasa nilikuwa nikisema moyoni, Mungu, huyu akianguka, nitaishi wapi? Alifika. Akang'oa misumari, akainua bati moja, akaingia ndani ya paa kwa tumbo. Tukaanza kumsikia juu ya vichwa vyetu.

"Mulwa."

"Nau."

"Nani alikufundisha kuunga mbao hivi?"

"Wewe, nau."

"Mimi sikukufundisha huu uchafu. Hii si silingi, hii ni kiota."

Mulwa akacheka, na kicheko kile kikanifanya nigeuke nitazame dirishani. Kisha akaanza kumwongoza. Alikuwa analikumbuka paa lile lote kwa kichwa. Shika ile ya kushoto, nau. Usiweke mguu katikati, hapo ni ubao tu. Baba anagonga, mwana anasikiliza kutoka chini, na wanakubaliana ipi nzima na ipi imeoza. Mpango wa mzee ulikuwa kulaza ule mukau kutoka boriti hadi boriti, juu ya katikati ya chumba, na kuufunga kwa bolti zinazopita ndani ya mbao na kutokea upande wa pili, maana msumari kitu kikitikisika unavutika, bolti haivutiki. Kwenye huo mukau ndiyo feni ingening'inia. Silingi haingebeba chochote.

Lakini bati lilikuwa wazi na jua lilikuwa linapanda. Joto lilishuka chumbani. Tulirudisha kitanda katikati tumpepee pande zote mbili; nililowesha leso, nikapepea, Ben akapepea kwa kifuniko cha sufuria. Keekee ya mzee ilikuwa ya mkono, na mukau si mti wa kutobolewa kwa haraka. Tulisikia ikizunguka, ikisimama, mzee akihema. Midomo ya Mulwa ikaanza kukauka. Majibu yake yakawa marefu na hayana kichwa. Nikamwambia Ben kwa jicho kwamba tunachelewa.

Ghafla Mulwa akapiga kelele. "Nau! Usikanyage hapo! Nau, imevunjika, rudi!"

Nthiwa akaingia mbio. Hatukujua kama Mulwa ameona kitu ama yuko Malili juu ya lile ghala lake. Kisha tukasikia kifundo cha kidole kikigonga mara moja. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kitu kitupu.

"Nimesikia," mzee akasema. "Sijakanyaga." Sauti yake ilikuwa nyembamba. Baadaye tulikuta mbao ile imeliwa yote, imebaki oili.

Alipomaliza kukaza bolti upande ule, ilibidi ajilaze kwa tumbo juu ya mukau ili afikie nati za upande wa pili. Pale feni ilipong'olewa palikuwa pamebaki shimo kubwa kiasi cha sahani. Tuliona vumbi likimwagika, kisha giza la shimo likajaa, na ndani yake kukawa na ndevu nyeupe na jicho.

Nthiwa aliona kabla yangu. Alivuta leso akamfunika Mulwa vizuri hadi kifuani, ule mpira wa mkojo ukafichika, akampangusa uso, akatoka chumbani. Ben naye akamfuata. Mimi ningetoka pia, lakini nani angepepea?

Mulwa alikuwa ametazama juu. Kichwa chake hakigeuki, kwa hiyo hakuwa na mahali pengine pa kutazama. Mzee naye alitazama chini, na spana ilisimama. Aliona mikono ile iliyokuwa ikibeba boriti mbili kwa mara moja, imelazwa juu ya leso, myembamba, vidole vimejikunja. Aliona shingo. Mimi nilikuwa nikitazama leso nilizoshika kwa sababu sikuweza kumtazama yeyote kati yao.

"Umekonda," mzee akasema.

"Na wewe umezeeka, nau."

Tone la jasho likatoka kwenye paji la mzee, likapita shimoni, likaangukia mdomo wa Mulwa, pale pale unga wa mchwa ulipokuwa umeangukia. Nikanyanyua leso nimpanguse. "Wacha," akaniambia. Akaramba. "Wacha, mama. Ni chumvi."

Nilipepea. Kitu kingine sikuwa nacho.

Kisha spana ikaanza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Mzee alikaza nati, akaweka nyingine juu yake ili ya kwanza isifunguke, akateremsha ndoano ya chuma. Hakuturuhusu kutundika feni kwanza. Aliagiza gunia la pojo kutoka stoo ya Nthiwa, zito kuliko feni kwa mbali, tukasukuma kitanda tena ukutani, tukalining'iniza kwenye ndoano, na Ben akaambiwa alisukume lizunguke na kuyumba. Juu, mzee alilaza sikio kwenye mbao akasikiliza. Gunia likayumba, mbao haikutoa sauti. Akasema, "Sasa." Ben alipandisha feni, akafunga waya, akawasha swichi kubwa. Mapanga yakaanza. Leso ikacheza. Hakuna unga ulioanguka. Baada ya muda Mulwa aliacha kuzungumza na watu wa Malili akalala usingizi wa kweli, na Nthiwa akaketi chini akiwa ameshika mkono wake uliovimba.

Kilichobaki kilikuwa kile kikombe cha feni, kinachosukumwa juu kufunika shimo lipendeze. Ben alikuwa amekishika tayari.

"Ben," sauti ikatoka juu. "Hicho usipandishe."

"Mzee, shimo litaonekana. Itakaa vibaya."

"Kikombe hakibebi kitu. Wacha hapo chini."

Ben alinitazama. Nikamwambia afanye alivyoambiwa. Na hilo shimo ndilo wanalolisema kanisani, kwamba feni yao imeharibiwa, kwamba mzee alikosa hata adabu ya kumalizia kazi.

Mzee Muindi bado haingii chumba kile. Jioni anakuja, anaketi kwenye kigoda, anageuzia pazia mgongo. Lakini Jumamosi anabeba spana anakwenda nyuma ya nyumba, anasema bolti za feni lazima zikaguliwe zisije zikalegea. Mimi nilimwona akizifunga kwa nati mbili mbili, hazitalegea mpaka sisi sote tuwe tumekufa. Miguu yake imezidi kuwa mibaya. Nikimwona kwenye kidato cha juu nafunga macho, na wala simwambii ashuke. Bati lile la nyuma halipigwi misumari tena, linawekewa jiwe tu.

Mulwa ana vidonda vya kulalia, kwa hiyo mchana kutwa Nthiwa humgeuza ubavu huu na ubavu huu. Jumamosi akisikia ngazi ikigusa ukuta, huzima feni kidogo, humlaza mumewe chali, uso ukielekea shimo, humchana nywele, kisha hutoka kwenda kuishikilia ngazi.